Vishikio vya Wageni

Nimestaafu, lakini mkono wangu wa kulia bado haujapata barua. Kila ninapoona kioo chenye alama ya kidole, unaingia mfukoni kutafuta kitambaa cha lenzi. Juzi nimemfuta shemeji yangu miwani bila kumwomba ruhusa, naye akiwa ameivaa.

Nawaandikia ninyi vijana mliorithi chumba cha mwanga pale Mapinga. Mliniomba niwawekee kwenye karatasi yale ambayo hayamo katika vitabu vya mashine, na mimi ukiniomba kueleza kazi yangu umejitakia mwenyewe. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe lilipotea mara mbili, kwa hiyo hata ofisi ya utumishi haina hakika kama nilipanda au nilishuka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilitoka Bagamoyo, mji wa zamani, mtoto wa nyumba ya wauza vitambaa, na mama alinihakikishia kwamba mtu safi hafukuzwi kazi. Maabara ya fizikia ya chuo chetu, Dar es Salaam, ilikuwa chini ya Mzee Kondo, fundi mkuu, mtu mfupi aliyesema kwa sauti ya chini hata alipokuwa amekasirika. Akanikabidhi kioo kidogo cha mviringo, akaniambia nikitazame mpaka atakaporudi. Nikakitazama, nikaona vumbi. Nikakipulizia pumzi, nikakisugua kwa pindo la lile shati.

Sasa, kioo cha nyumbani kina rangi yake nyuma, kimejikinga. Kioo cha leza kina utando wa fedha upande wa mbele, mwembamba kiasi kwamba ukiugusa umeshauchuna. Mzee Kondo aliporudi alikigeuzageuza kwenye taa.

“Kinang'aa,” akasema.

“Ahsante, mzee.”

“Sasa ni cha kunyolea ndevu. Nenda nacho nyumbani.”

Nilinyolea ndevu kwa kioo kile miaka mingi. Sikuwahi tena kusugua kitu maabara bila kuuliza.

Mzee Kondo hakuwa mtu wa mihadhara. Alifundisha kwa kukataza. Usishike lenzi usoni, ishike ukingoni. Usiongee juu ya kioo kilicho wazi, mate yanaruka hata ya mtu mstaarabu. Usiweke jicho kwenye njia ya leza eti kwa sababu umeambiwa imezimwa, maana jicho ni lako, si la aliyekuambia. Zaidi ya yote alinifundisha kuiogopa hewa ya pwani. Kwetu lenzi huota kuvu, nyuzi nyembamba za kijivu ambazo zikishaingia hazitoki. Kwa hiyo tulihifadhi lenzi ndani ya sanduku lenye taa ndogo iliyowaka saa zote, pamoja na kopo la chembechembe za kunyonya unyevu. Zikiwa za buluu, zimekauka. Zikigeuka rangi ya waridi, zimeshiba maji, na hapo unazimimina kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kuzigeuza taratibu kama unakaanga karanga. Siku moja mkuu wa idara alipita akatia moja mdomoni. Tulimwambia alipokwisha kuitema, kwa heshima.

Kesi iliyonipatia jina ni ya leza iliyokuwa ikififia kila siku saa nne asubuhi. Wakubwa walilaumu joto, wakalaumu kiwanda, mmoja akalaumu mwezi. Mimi nikakaa na daftari, nikaandika kila kitu: nani kaingia, nani katoka, mlango upi umefungwa. Siku ya kumi na mbili nikagundua kwamba kila leza ikififia nasikia harufu ya tangawizi. Lilikuwa birika la umeme la katibu muhtasi, chumba cha pili, kwenye njia moja ya umeme na sisi. Leza ikapona siku hiyo hiyo. Katibu muhtasi hakunisalimia muhula mzima.

Miaka yangu ya mwisho chuo kilipata jengo dogo Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo, nikahamishiwa huko na kukabidhiwa chumba kitupu chenye soketi mbili, moja ikiwa ya mapambo. Mapinga mnaijua, kila mtu anajenga. Malori ya mchanga na kokoto yanapita kutwa, na kila likipita lori sakafu inatetemeka. Mtu wa kawaida hasikii. Mwanga unasikia. Meza za kiwandani zinazoelea juu ya hewa zina bei ya nyumba, kwa hiyo nilikwenda kwenye ujenzi wa jirani nikaomba bamba la graniti lililobaki walipokata kaunta ya jikoni. Nikalilaza juu ya mipira minne ya ndani ya pikipiki, nikaitia upepo kidogo kidogo. Kisha nikaweka bakuli la maji juu ya jiwe, nikaelekeza mwale wa leza kwenye maji, nikatazama doa la mwanga darini. Lori likapita. Doa likatulia pale pale. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu, mlinzi akaja mbio akidhani nimeshikwa na umeme.

Vishikio vya kubebea vioo na lenzi nilivichonga mwenyewe kwa mbao za mninga, nikavitia skrubu za shaba za kuinamishia na kuinulia. Vya kisasa tulikuwa navyo pia. Chuo kimoja rafiki cha ng'ambo kilituletea kumi na viwili, vya alumini, kila kimoja ndani ya kisanduku chake chenye sifongo. Vilikuwa vizuri mno. Nikavitia kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Mkiuliza kwa nini, nami nitauliza: zile sahani zenye maua na ukingo wa dhahabu kabatini kwa mama zenu, mliwahi kulia ugali wa kila siku? Za wageni ni za wageni.

Katika chumba hicho ndimo alimonikuta Dk. Zaina. Kwao ni Zinga, wazazi ni wakulima wa mihogo na korosho, na yeye alikuwa amerudi karibuni na shahada ya uzamivu kuja kufundisha kwetu. Aliingia, akaniamkia shikamoo, akavua viatu mlangoni kabla hajaambiwa kwamba vumbi ni adui. Nikamkubali hapo hapo. Halafu akatazama ile mipira ya pikipiki, akaibonyeza kwa kidole, akacheka mpaka akakaa chini. “Mzee Shomari,” akasema, “hapa tunaweza kuhesabu fotoni.”

Fotoni ni chembe moja ya mwanga. Taa ya chumbani inamwaga nyingi zisizo na idadi; Zaina alizitaka moja moja. Jinsi alivyofanya ni hivi, na mpaka leo nikieleza nywele zinanisimama. Unapitisha mwanga wa zambarau kwenye kijiwe cha fuwele kidogo kuliko kipande cha sukari guru cha kutilia chai. Karibu fotoni zote zinapita zilivyo. Lakini mara moja moja fotoni moja inaingia, na upande wa pili zinatoka mbili, pacha, kila mmoja anashika njia yake. Mwisho wa kila njia kuna kigunduzi, chombo kinachohisi hata chembe moja. Vigunduzi vyote viwili vikishtuka kwa wakati mmoja, kompyuta inahesabu jozi. Njia za pacha ni nyembamba mno: ukikikosea kioo kimoja kwa unene wa unywele, hesabu inakuwa sifuri.

Tulihangaika miezi minne. Vigunduzi vilikuwa vya mitumba, vimekuja kama msaada kutoka maabara iliyonunua vipya. Fuwele ilikuwa inapenda unyevu kuliko sisi tunavyopenda madafu, tukailinda kama mtoto njiti. Jumamosi moja baada ya adhuhuri namba ya jozi kwa sekunde kwenye kompyuta ikaacha sifuri. Ikawa tatu, ikawa kumi na moja, ikapanda mpaka ikapita mia. Zaina alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nalia, na sioni haya kusema. Nimefanya kazi ya mwanga maisha yangu yote na siku hiyo ndiyo niliyouona umekuja mmoja mmoja.

Sasa niwaambie kuhusu nafasi, maana nyie pia zitawafikia, na mkizisikia msidhani ni za watu wengine. Mtu akimaliza uzamivu anaitwa daktari, lakini katika fani hii ya mwanga bado hajaiva. Maabara kubwa za nje hutoa nafasi za utafiti baada ya uzamivu, vijana mnaziita postidoki. Unakwenda kwenye maabara ya mtu miaka miwili au mitatu. Si mwanafunzi tena, wala si mhadhiri mwenye madarasa saba na mitihani ya kusahihisha mpaka macho yaume. Kazi yako ni kutafiti tu. Humo ndimo watu wanajifunza kutengeneza fotoni kwa kuagiza, kupitisha mwanga ndani ya vipande vidogo vya silikoni, kutuma ujumbe wa siri ambao mdukuzi akiugusa anajulikana papo hapo. Zaina alikuwa ananisomea matangazo hayo kwa sauti, akieleza kwa mikono, nami nikisahau chai mpaka inapoa. Nilikuwa na hamu kama vile mimi ndiye ninayeomba.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimchapia na kumskania maombi yake, kwa hiyo yapo niliyojifunza. Usikae unasubiri tangazo. Mwandikie mkuu wa maabara unayoitaka, mistari michache, umwambie kazi yake ipi umeisoma na wewe utamwongezea nini. Barua za wadhamini ziombe mapema, maana maprofesa wetu wanaahidi haraka kuliko wanavyoandika. Na soma sharti la muda kabla ya kusoma kitu kingine. Nafasi nyingi zinampokea tu aliyemaliza uzamivu karibuni, baada ya miaka michache mlango unafungwa. Sharti hilo ndilo lililokuwa linamkaba Zaina. Alishaomba mara mbili, mara mbili wakamkatalia, wakisema karatasi ni nzuri lakini hawaoni ushahidi wa kazi ya mikono yake. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake. Akikosa, angebaki na madarasa saba mpaka azeeke, na mwanga wa moja moja angeufundisha ubaoni kwa chaki.

Mara ya tatu wakajibu: tutafanya nawe usaili kwa mtandao, na tunataka kuiona meza yako ikifanya kazi, hesabu zikionekana. Ilikuwa Alhamisi saa nane mchana. Kwangu zilikuwa zimebaki wiki tatu za utumishi.

Hapa ndipo penye kosa langu, nami naliandika lote.

Jumatano alasiri Zaina alikwenda Zinga kumwomba mama yake dua. Nikabaki peke yangu chumbani, nikaitazama ile meza kwa jicho la mgeni. Nikaona graniti ya jikoni. Nikaona mipira ya pikipiki yenye viraka. Nikaona vipande vya mbao vyenye alama za penseli. Nikasema, Shomari, maprofesa watatu wanakuja kumtazama binti yetu, nasi tumekaa hivi? Kwetu mgeni akitarajiwa, nyumba inapakwa chokaa, kilichochakaa kinasitiriwa nyuma ya pazia, sahani za maua zinashuka. Hakuna aliyewahi kunifundisha njia nyingine ya kumheshimu mtu.

Nikafungua kabati. Nikapima kila kishikio cha mbao kilipo, kimo na pembe, nikaandika, kisha nikakitoa na kuweka cha alumini mahali pake. Mipira nikaitoa, nikaweka vigogo vinne vilivyopigwa randa na kupakwa vanishi. Nikatandika kitambaa cheupe pembeni. Nikajaribu leza ndogo nyekundu ya kupimia njia, doa likaangukia mahali pake, nikaridhika. Kompyuta ya hesabu ilikuwa na neno la siri la Zaina, sikuigusa. Nilifunga mlango kabla ya magharibi nikijiona nimempa zawadi ya kuondokea. Ndiyo, mimi, mwanafunzi wa Mzee Kondo.

Asubuhi alifika saa mbili na nusu. Alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

“Mzee Shomari, nani kaingia humu?”

“Mimi, mwanangu.”

“Umefanya nini?”

“Nimeandaa. Wageni wanakuja.”

Akaenda kwenye kompyuta, akaandika neno lake la siri. Sifuri. Mstari wa hesabu kwenye skrini ulikuwa umenyooka tangu jana jioni, hauna hata kinundu. Nje lori likapita, nikauhisi mtetemo kwenye nyayo zangu, na nikaelewa kitu nilichokielewa tangu siku ya bakuli la maji lakini jana nilikisahau makusudi.

“Wageni wanakuja kuona fotoni, mzee,” akasema polepole. “Hawaji kula.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Angenigombeza ningeona nafuu. Akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, akafumba macho, nami nikasimama na funguo za kabati mkononi. Halafu akafumbua macho, akatazama saa.

“Mipira iko wapi?”

Mipira nilikuwa nimempa Sudi, fundi wa pikipiki pale nje ya geti. Nikatoka mbio na koti la maabara, mzee wa umri wangu, watu wakinipisha njiani. Mitatu ilikuwa imetundikwa msumarini. Wa nne Sudi alishamfungia mteja, na mteja saa ile alikuwa njiani kwenda Ubena.

“Mzee, ungesema ni wa sayansi,” akaniambia Sudi.

Akanipa mpira mwingine, mkuukuu kuliko yote. Ulikuwa mzito kidogo, ukakataa kulingana na wenzake. Nikaweka bakuli la maji juu ya jiwe kama zamani, nikapunguza upepo, nikaongeza, nikapunguza, Zaina akitazama dari na kunisemesha: “Bado. Bado. Hapo. Hapana, rudi.” Mpaka saa nne lori lilipita na doa likakaa kimya.

Vishikio vya mbao vilikuwa salama ndani ya gunia. Tukavirudisha kimoja kimoja. Lakini niwaambie ukweli, vipimo vyangu vyote nilivyoviandika kwa fahari havikusaidia kitu. Penseli haijui unene wa unywele. Kilichosaidia ni mikono ya Zaina. Alikuwa anazungusha skrubu ya shaba kwa ncha za vidole, robo ya robo, akisikiliza kuliko kutazama, kwa sababu alikwishaunganisha kipaza sauti kidogo ili kila kigunduzi kikishtuka kitoe mlio. Chumba kilikuwa giza. Mwanzoni palikuwa na mikwaruzo tu. Saa tano, mikwaruzo. Saa sita, mikwaruzo. Nilipotoka kuswali adhuhuri niliomba jambo moja tu. Niliporudi nikamkuta hajanyanyuka, jasho limemlowesha ushungi, na kipaza sauti kinalia kama mvua inayoanza kwenye bati.

“Mzee,” akanong'ona kana kwamba zitatoroka, “zimekuja.”

Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Jozi zilikuwa mia na thelathini, nyingi kuliko zile za Jumamosi yetu ya kwanza. Nilitaka kumrukia nimkumbatie, nikakumbuka jiwe, nikamkumbatia hewani.

Bado nilikuwa na ujinga mmoja umebaki. Nikaanza kuigeuza kamera ili mipira isionekane. Zaina akanishika mkono.

“Mzee, leo tusifiche kitu.”

Wakatokea kwenye skrini watatu, wanaume wawili na mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, huyo ndiye mkuu wa maabara. Kiingereza changu ni cha vitabu vya mashine, kimejaa maonyo, lakini nilifuata. Walimuuliza maswali magumu nusu saa nzima, naye akajibu kama mtu anayesimulia mtaa wake. Akawaonyesha jozi zikihesabiwa. Akawaonyesha mstari wa hesabu za wiki nzima. Yule mama akasogea karibu na skrini yake.

“Hapa mstari umeanguka hadi sifuri tangu jana jioni, ukarudi sasa hivi. Kilitokea nini?”

 Nikamwona Zaina ananitupia jicho la pembeni.

“Kulikuwa na hitilafu ndogo chumbani,” akasema.

“Hitilafu gani?”

“Ndogo tu. Imekwisha.”

Wale wanaume wakaandika kitu. Uso wa yule mama ukakunjana. Nikaelewa mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, Zaina alikuwa ananisitiri, kama vile mtoto mwenye adabu anavyomsitiri mzee wake mbele ya wageni. Pili, kwa macho yao alikuwa mtafiti asiyejua kwa nini chombo chake kilikufa, au anayejua na anaficha, na katika kazi hii hayo yote ni mabaya sawasawa. Nafasi ilikuwa inamponyoka mbele yangu kwa ajili ya heshima yangu. Nilikuwa na wiki tatu za kubaki fundi asiye na doa. Yeye alikuwa na siku hiyo moja.

Nikaingia mbele ya kamera na koti langu la jasho.

“Samahani,” nikasema. “Hitilafu ni mimi.”

“Mzee, acha,” Zaina akaninong'oneza.

Sikuacha. Nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha maonyo. Kwamba jana niliona haya kwa ajili ya meza yetu. Kwamba nilivua mbao nikaweka alumini, nikatoa mipira, nikatandika kitambaa, kwa sababu wao ni wageni. Kwamba binti huyu amefika saa mbili na nusu akakuta kazi yake ya miezi imevurugwa, na ameipanga upya yote kwa mikono yake, hapa, leo, gizani, hajala. Nikaigeuza kamera mwenyewe, wakaona mipira na viraka vyake. Nikaonyesha na kile kitambaa. Nikamaliza, nikakaa chini.

 Kisha yule mama akasema, “Kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nane?”

“Kasoro dakika sita,” nikasema.

Wakatazamana. Mmoja wa wale wanaume akacheka, si kicheko cha dharau. Akasema kwao mtafiti akigongewa meza anapewa wiki mbili za kuipanga upya. Yule mama hakucheka. Alimwomba Zaina aweke kamera karibu na vishikio vya mbao, akauliza mninga ni mti gani, akauliza skrubu zina nyuzi ngapi, akauliza upepo wa mipira tunaupima kwa kutumia nini. Zaina alimwambia kuhusu bakuli la maji. Usaili ulipangwa uwe dakika arobaini na tano. Ulikwisha saa kumi na nusu.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Zaina alisoma barua kwenye simu yake pale pale mlangoni, viatu miguuni, akaingia navyo mpaka katikati ya chumba na mimi sikumkumbusha. Amepata. Miaka mitatu. Nilimwita Sudi, nikamwita mlinzi, nikampigia mke wangu Bagamoyo, naye akapiga vigelegele kwenye simu mpaka wapita njia wakageuka. Baadaye nilimtaka Zaina radhi kwa yale ya Jumatano, kwa sababu nilikuwa sijamtaka radhi vizuri. Akaniambia, “Mzee, ulikwishaniomba radhi mbele ya maprofesa watatu. Inatosha.” Lakini nilimwomba tena.

Jumatatu, siku yake ya mwisho chumbani kabla hajakwenda Zinga kujiandaa na safari, tulikuwa tunafuta vumbi, yeye upande wake, mimi upande wangu. Akasimama ghafla.

“Mzee, mimi naondoka. Wewe unastaafu Ijumaa. Hapa anabaki nani?”

Sikuwa nimelifikiria. Kwa furaha yote ile sikuwa nimelifikiria hata mara moja, na lilinipiga kifuani. Chumba kile, mwanga unaokuja mmoja mmoja, na hakuna wa kuusikiliza. Lakini nilimwona ameanza kujilaumu, mkono umemganda juu ya jiwe, nikajibu haraka.

“Wapo.”

“Nani?”

“Wapo tu. Wewe nenda.”

Akaniamini, akaenda. Nilikuwa nimemdanganya. Hakuna aliyekuwa ameajiriwa, hakuna aliyekuwa ametajwa, na siku mbili zile sikupata usingizi. Kisha Jumatano mkuu wa jengo akafungua mlango, akasema, Mzee Shomari, hawa wawili wametoka chuo cha ufundi, waonyesheonyeshe kabla hujaondoka. Mkanipa shikamoo. Nilikuwa sijaitikia marahaba, mmoja wenu alikuwa ameshainama chini ya meza, na mwingine ameweka sikio kwenye kipaza sauti, na kabla hata ya kuniambia jina lake akaniuliza, “Mzee, hii inayolia ni nini?”